Pikapu yachemka kwenye foleni ya feri: kabla hujashusha hedi

*"Nina Hilux ya dizeli ya mwaka 1996, injini ya 3L. Nabebea nazi na mihogo kutoka Msambweni kuja soko la Kongowea. Nikikwama kwenye foleni ya feri pale Likoni, mshale wa joto huanza kupanda pole pole. Gari likishatoka na kukimbia kidogo, hushuka. Miezi mitatu iliyopita fundi alitoa thamostati, akasema ni kitu cha nchi za baridi, huku Pwani hakina kazi. Tangu hapo nikipeleka mzigo Mariakani, mlima wa Mazeras wanishinda: mshale wafika karibu na wekundu. Naongeza maji ya kisima kama lita moja kila wiki. Oili ni safi na moshi mweupe hakuna. Sasa fundi ataka kushusha hedi, asema gasketi imeungua. Nimkubalie?"*

Usimkubalie bado, ndugu yangu. Huenda mwisho wake fundi akawa na haki, maana injini hizi za familia ya L, yaani 2L, 3L na wenzake, hedi zao (kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda kwa juu) hupasuka zikichemshwa mara kwa mara, na hilo kila fundi wa dizeli alijua. Lakini katika yote uliyoandika sioni dalili hata moja inayoishika moja kwa moja gasketi, kile kizibo chembamba kati ya hedi na bloki ya injini. Naona tatu zinazoelekeza kwingine, na zote waweza kuziangalia uani kwako kwa spana, sufuria na asubuhi moja ya Jumapili. Tena ukishusha hedi bila kutibu kilichochemsha injini, hedi utakayoirudisha itachemka vilevile, kwenye foleni ileile.

Tuanze na saa ambayo joto linakuja, kwani hiyo ndiyo inayomtaja mkosaji. Gari lililosimama halipati upepo wa mwendo. Upepo wote unaopita kwenye rejeta wavutwa na feni. Basi likichemka limesimama na kupoa likitembea, shuku feni na kila kinachoihusu. Likituliza joto kwenye foleni lakini likachemka mlimani na mzigo, ama rejeta imeziba ama maji hayazunguki inavyotakiwa. Likichemka dakika chache baada ya kuwashwa asubuhi, tupu, halijaenda popote, hapo ndipo tunapoanza kuizungumzia hedi. Gari lako lina ugonjwa wa kwanza tangu zamani. Wa pili umekuja baada ya thamostati kutolewa, na sidhani kama ni bahati mbaya tu.

Maneno kwamba thamostati ni ya nchi za baridi yamezagaa kila gereji, na yana chembe ya ukweli: kazi yake moja ni kuifanya injini ipate moto haraka. Kazi yake ya pili ndiyo isiyotajwa. Injini ina njia mbili za maji. Moja yapeleka maji kwenye rejeta yakapoe. Nyingine ni njia ya mkato, yarudisha maji ndani ya injini bila kupitia rejeta, ili injini baridi ipate moto sawasawa kila mahali. Mwulize fundi kama bado anayo ile thamostati uitazame. Utaona sahani kubwa yenye springi, na upande wa injini kisahani cha pili, kidogo. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, nta iliyomo ndani huyeyuka na kutanuka. Sahani kubwa hufunguka kuelekea rejeta, na kwa mwendo huohuo kisahani kidogo huenda kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, mlango wa rejeta uko wazi kweli, lakini njia ya mkato nayo iko wazi saa zote, na maji kawaida yao ni kufuata njia nyepesi. Sehemu ya maji ya moto yazunguka ndani ya injini bila kuuona upepo. Kwenye barabara tambarare ya Ukunda hutahisi kitu. Ukianza kupanda kutoka Miritini na tani moja nyuma, utahisi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kurudisha thamostati. Ipime kabla ya kuifunga, hata kama ni mpya, maana spea bandia ziko nyingi. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, uwashe jiko, uweke na kipimajoto cha jikoni kama unacho. Kwenye nyuzi 80 na kitu utaona sahani imeanza kuachia. Huku Pwani tuko usawa wa bahari, maji huchemka nyuzi 100 kamili au karibu yake, kwa hiyo yakichemka sahani iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikifunguka kidogo tu, au ikikataa kufunga maji yakipoa, irudishe dukani. Nunua ya nyuzi 82 na yenye kile kisahani cha pili; za bei ya kutupa mara nyingine huja bila hicho, na hiyo ni sawa na kutofunga kitu. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kijipini kinachochezacheza kikae juu kabisa. Hicho ndicho kinachotoa hewa. Kikikaa chini, hewa hubaki imenaswa na injini itachemka siku hiyohiyo, halafu utarudi kusema thamostati ni mbaya.

Sasa foleni ya feri. Fungua boneti, injini imezimwa na imepoa, utazame kwanza kitu ambacho watu hawakitazami: kava la feni, ule mzingo wa plastiki unaoizunguka feni na kushikana na rejeta. Pikapu nyingi za umri wa lako hazina. Limepasuka kwenye ajali ndogo, au fundi alilitoa ili mkono upite akabadilishe mkanda, likabaki gereji. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni, hewa ya moto ya injini yenyewe, badala ya kuivuta kupitia rejeta. Ukikosa jipya tafuta la eks-Japani. Hata lililoungwa kwa waya lina faida kubwa kuliko feni mpya isiyo na kava.

Kisha klachi ya feni, kile kichwa cha alumini kilicho katikati ya feni. Ndani yake mna mafuta ya silikoni. Mbele ina kispringi bapa kilichojikunja kama koili ya mbu. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, kispringi hujipinda na kuyaachia mafuta yaishike feni izunguke kwa nguvu. Mafuta yakivuja au kuzeeka, feni huzunguka kwa uvivu hata injini ikiwa inaungua. Kupima ni rahisi. Injini ikiwa baridi na imezimwa, zungusha feni kwa mkono: iwe na uzito, kama kukoroga uji. Ikiendelea kuzunguka yenyewe mara mbili tatu baada ya kuiachia, imekwisha. Irudie kipimo injini ikiwa ya moto, imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Safari hii iwe nzito zaidi. Tazama pia kama kuna michirizi ya mafuta yenye vumbi kuanzia katikati kwenda nje. Klachi iliyokwisha yaweza kufunguliwa na kuongezwa mafuta ya silikoni yanayouzwa kwa vitubu vidogo, na kazi hiyo hufaulu kama beringi yake bado haichezi. Kuna wanaoifunga kabisa kwa bolti ili feni izunguke saa zote. Itakuvusha kwa wiki moja, sikatai, lakini hula dizeli, hupiga kelele kama lori, na huilemea beringi ya pampu ya maji mpaka pampu ianze kuvuja. Usiifanye ndiyo dawa.

Mkanda ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ushuke kama sentimita moja. Ukishuka zaidi unateleza, na ukiwa na nyufa nyingi upande wa ndani ubadilishe.

Halafu rejeta kwa nje. Hapa Mombasa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikiwa bara havilitilii mkazo: upepo wa bahari. Gari linalolala karibu na ufuo na kupanga foleni Likoni kila siku hupata chumvi kwenye vile vipezi vyembamba vilivyo katikati ya mirija ya rejeta. Kazi ya vipezi ni kutoa joto kwenye mirija na kuupa upepo. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Vikiwa vizima vitapinda. Vikiwa vimeliwa vitamomonyoka, unga wa kijani au mweupe ukubaki kidoleni, na nyuma yake utaona mirija iko uchi. Rejeta ya namna hiyo maji yapita vizuri kabisa lakini joto halitoki, na hakuna kuizibua kutakakoisaidia. Kama vipezi ni vizima ila vimejaa vumbi, wadudu na nyuzi za makumbi ya nazi (nawe ndiyo mzigo wako huo), osha kwa maji ya mpira wa kawaida, ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele ili uchafu urudi ulikotoka. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiikaribishe. Huvilaza vipezi kama nyasi na kuziba njia ya upepo. Kama gari lina eyakondisheni, kati ya kondensa (ile rejeta ya eyakondisheni iliyo mbele) na rejeta ndipo takataka hujificha, kwa hiyo legeza kondensa uchungulie katikati.

Nije kwenye maji yako ya kisima, ambayo kwangu ndiyo kosa kubwa kuliko yote, ila halina kelele. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi na chokaa. Maji yakipata moto, chokaa huganda, na huganda zaidi pale penye moto mkali zaidi, yaani ndani ya hedi, kuzunguka vyumba vya mwako. Tando la ukoko kama lile la ndani ya birika la zamani halipitishi joto vizuri. Mshale wako husoma joto la maji. Chuma kilichojificha nyuma ya ukoko huwa na moto kuliko unavyoambiwa. Ndiko hedi nyingi za 3L zinakopatia nyufa zake. Chumvi nayo hula alumini na chuma, na kutu hiyo huenda kuziba mirija ya rejeta.

Dawa ni kulanti, kile kimiminika cha rangi kinachochanganywa na maji ya rejeta, na hapa tena kuna imani potofu, kwamba kulanti ni ya kuzuia maji yasigande barafu, na Mombasa barafu iko kwenye mitungi ya samaki tu. Sisi tunaitaka kwa dawa ya kutu iliyomo. Kupandisha kiwango cha kuchemka ni nyongeza. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Kulanti tupu bila maji hubeba joto vibaya, kwa hiyo kuzidisha si kujali. Mfumo mzima wa pikapu yako wachukua kati ya lita 8 na 10, kutegemea kama heta bado imeunganishwa. Usichanganye ya kijani na nyekundu. Ile ya kawaida ibadilishe kila miaka miwili au kilomita 40,000. Na unapoimwaga, imwage kwenye beseni uifunike: ni tamu, ni sumu, na paka huweza kuilamba, nasi mji wetu una paka kuliko magari. Watoto pia.

Lita moja kila wiki inakwenda wapi? Kabla ya kuilaumu gasketi, tazama kifuniko cha rejeta. Kifuniko si kizibo. Kina vali mbili. Ya kwanza hushikilia presha: juu yake pameandikwa 0.9 au namba iliyo karibu nayo, na kwa presha hiyo maji matupu huchemka kwenye nyuzi 118 hivi badala ya 100. Mpira wake ukikauka, presha hukimbia na maji huchemka mapema yakatoka. Vali ya pili, kile kisahani kidogo cha katikati, huyarudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Sasa niambie: je, chupa yako ya akiba imejaa siku zote huku rejeta ukiikuta imepungua kila asubuhi? Kama ndivyo, kifuniko au kampira kanachokwenda kwenye chupa kamepasuka, na umekuwa ukiongeza maji kwa sababu ya spea ya bei ndogo kuliko zote nilizozitaja. Nunua kifuniko cha namba ileile. Cha presha kubwa zaidi usifunge. Rejeta ya miaka 30 itapasuka maungioni. Chungulia pia chini ya shingo ya pampu ya maji. Pana kitundu kidogo pale, na doa jeupe au la kutu likiteremka kutoka humo lina maana sili ya pampu imekwisha. Shika feni uitikise mbele na nyuma: ikicheza, beringi ya pampu inakwenda.

Ukishayafanya hayo, safisha mfumo. Injini ikiwa baridi fungua kibomba cha chini ya rejeta na pia bolti ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa bloki. Hiyo ya bloki wengi huiacha, matope yakabaki humo. Peleka maji ya bomba mpaka yatoke meupe, kisha chomoa mipira miwili ya rejeta usukume maji kutoka chini kwenda juu, kinyume cha mwendo wake. Dawa ya kusafishia mfumo inayouzwa dukani itumie kama chupa inavyosema. Asidi ya betri na soda ya kuzibulia mabomba usizitie. Zinakula risasi ya maungio na alumini, na utamaliza siku ukiwa na tundu ulilolitengeneza mwenyewe. Jaza kulanti pole pole, kifuniko kikiwa wazi, heta ikiwa imefunguliwa upande wa moto, injini ikizunguka taratibu hadi mpira wa juu upate moto na mapovu yaishe.

Baada ya hapo, kama mlimani bado linachemka, kuna rejeta yenyewe. Ipime kwa kipimajoto cha kuelekezea kwa mbali, kile cha mafundi. (Vingi vya kupimia paji la uso vilivyobaki tangu korona havifiki joto la injini.) Injini ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha juu ya uso wa rejeta. Joto lipungue kwa utaratibu kutoka upande maji yanakoingia hadi yanakotokea. Ukikuta baka la baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo imeziba. Una njia tatu. Kufungua vichwa vya rejeta na kuchokoa mirija kwa chuma chembamba, ambako ni nafuu na kunafaa tu kama rejeta ni ya shaba na vipezi vyake vizima. Kubadilisha kiini chote na kuacha vichwa vya zamani, ambako ndiko ninakokupendekezea wewe unayebeba mzigo, kama fundi wa rejeta wa kuaminika yupo. Au kununua mpya ya alumini yenye vichwa vya plastiki: nyepesi, yapoza vizuri, lakini vichwa hivyo havitengenezeki vikipasuka, na za bei ya chini huwa na safu moja ya mirija ambapo yako ya asili ilikuwa na zaidi. Hesabu safu kabla ya kulipa.

Wakati unasubiri spea, foleni ya feri ishughulikie hivi. Mshale ukianza kupita kawaida yake, zima eyakondisheni, fungua heta mpaka mwisho (utatoka jasho, vumilia), weka gia huru na pandisha injini hadi mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, feni ivute zaidi. Ukiona mvuke au maji yakimwagika, hapo usingoje: zima. Usifungue kifuniko kabla ya saa nzima. Maji yaliyo chini ya presha yakifunguliwa hugeuka mvuke mara moja, na mikono na nyuso za watu zimeungua hivyo. Usimwagie injini ya moto maji baridi wala kuyatia ndani. Hedi ya chuma iliyopata moto ikipigwa na baridi ghafla hupasuka hapohapo, na hivyo ndivyo gari lenye kosa la feni linavyogeuka kuwa gari lenye kosa la hedi. Kwenda Mariakani waweza kuikwepa feri kwa kupita barabara ya Dongo Kundu, lakini Mazeras iko palepale.

Na hedi tutaijuaje? Kuna vipimo vitatu vya nyumbani. Asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, fungua kifuniko: kikipumua "fss" ilhali injini ni baridi, ni gesi iliyovuja kutoka kwenye silinda. Kisha jaza maji mpaka shingoni, acha wazi, washa. Mapovu machache ya mwanzo si kitu. Yakiendelea mfululizo, na yakaongezeka ukikanyaga mafuta kidogo, gesi inaingia kwenye maji. Cha tatu, funga kifuniko, washa injini baridi, ushike mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu kama mti ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, presha hiyo haikutoka kwenye joto. Kipimo kimoja kikisema ndiyo, peleka gari kwa fundi mwenye dawa ya buluu ya kupimia gesi kwenye rejeta, ambayo hubadilika rangi ikikutana na moshi wa injini. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena injini. Livutwe kwa kamba. Oili safi na ukosefu wa moshi mweupe, kama ulivyosema, ni habari njema, ingawa ufa mdogo waweza kukaa miezi bila kuvionyesha hivyo viwili, ndiyo maana nataka uvifanye vipimo hivi vitatu.

Vikisema hedi, basi ishuke, na hiyo si kazi ya uani. Kabla ya kununua gasketi, hedi ipelekwe kwenye karakana ya mashine ikapimwe kwa presha ndani ya maji ya moto, maana nyufa zake nyingi huwa kati ya vali na hazionekani kwa macho. Kuinyoosha kwenye mashine bila kupima presha ni kulipia kazi mara mbili. Gasketi ya zamani usiitupe. Pembeni ina herufi, B, D au F, inayoonyesha unene, na unene huo hupimwa kwa kadiri pistoni zinavyochungulia juu ya bloki. Ukifunga nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni yaweza kugonga. Nunua herufi ileile, isipokuwa pistoni zimepimwa upya. Fundi akikuambia herufi hizo hazina maana, au akikataa kuipeleka hedi kwenye presha, chukua gari lako utafute mwingine.